Zambarau Mdomoni

Naandika haya nimesimama. Kiti ninacho, tena kizuri, cha mvule, walinipa kazini siku ya kuniaga wakasema, "Sista, sasa ukae upumzike." Nimekikalia mara chache sana. Daftari nimeliweka kwenye dirisha la jikoni; naandika mistari mitatu, naenda kugeuza maharage, narudi. Mkiona maneno yangu yanaruka huku na huku, mjue ndivyo nilivyo, na kwa umri huu sibadiliki tena.

Mkuu wa chuo chenu cha uuguzi aliniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi kuhusu fangasi ya mdomoni kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Nilimwambia vitabu mnavyo, tena vina picha za rangi. Akasema, "Basi andika yale yasiyomo vitabuni." Kwangu mimi yasiyomo vitabuni ni makosa yangu, na hayo ninayo tele.

Mimi ni mtu wa Bungoma, Kenya. Nilikuja Kampala miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, nikimfuata dada yangu aliyekuwa akifanya biashara ya vitenge, nikapata kazi katika zahanati moja ndogo pale Kisugu. Wagonjwa hawakuniita sista. Waliniita Musawo, jina ambalo hapa hupewa kila mwenye koti jeupe, awe daktari au mfagiaji aliyeazima koti la daktari.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mganga wetu mkuu, Mganda mnene mwenye sauti ya chini. Kwa kuwa alizaa mapacha, kila mtu alimwita Ssalongo, hata wagonjwa. Siku yangu ya kwanza alinitazama nikizunguka chumba, nikipanga hiki, nikipangua kile, akasema, "Nyabo," yaani mama, "wewe unatembea kama mtu amefukuzwa na nyuki. Mgonjwa akikuona hivyo, yeye pia atakimbia."

Nilicheka. Ningejua, nisingecheka.

Ssalongo hakuwa mtu wa kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Alivuta kigoda, akakaa karibu, akauliza, "Jana ulikula nini?" Mwanzoni niliona ni kupoteza wakati, foleni imefika barabarani. Lakini sikilizeni. Mwenye fangasi mdomoni hakwambii ana fangasi. Atakwambia ameacha pilipili. Ameacha nanasi. Chai anaingoja ipoe mpaka iwe maji ya kunawia. Nyama anasema haina ladha siku hizi, analaumu mchinjaji. Ukimsikiliza mtu anavyokula, umeshamaliza nusu ya kazi kabla hujawasha tochi.

Halafu tochi. Msitazame ulimi peke yake mkadhani mmetazama mdomo. Inueni macho mwone kaakaa, vuteni mashavu, angalieni chini ya ulimi, na pembe za midomo kama zimepasuka. Chukueni kijiti kilichofungwa shashi, futeni ule weupe taratibu. Ukitoka kama maziwa yaliyoganda, na chini pakabaki pekundu penye kuuma, mara nyingi hiyo ndiyo fangasi yenyewe. Usipotoka, hasa ukiwa kando ya ulimi, hilo ni jambo jingine, mwiteni mkubwa wenu. Na wakati mwingine hakuna weupe wowote, kaakaa jekundu tu, na mgonjwa anasema linawaka. Hiyo nayo ni fangasi. Niliikosa mara nyingi kwa sababu nilikuwa natafuta rangi moja.

Tena msione weupe mkarukia virusi. Alikuja mzee mmoja wa kwetu Kenya, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Bugolobi, kaakaa lote jeupe. Mimi na haraka zangu nikamfungia mlango, nikaanza kumpa pole, nikamwambia siku hizi si mwisho wa dunia, amlete na mama wapimwe pamoja. Mzee akatoka jasho. Ssalongo aliingia, akamtazama, akamwambia kwa heshima, "Ssebo, toa meno." Mzee akayatoa meno ya bandia, safu nzima ya juu, ambayo hakuwa ameyavua tangu yalipowekwa, hata kulala alilala nayo. Fangasi ilikuwa imejijengea nyumba pale chini. Alipimwa, hakuwa na kitu. Lakini mkewe alishapata habari kwamba anaitwa kupimwa, na kwa majuma mawili mzee alikuwa akila hotelini. Kila akipita zahanati alikuwa ananionyesha meno yake mkononi, ameyavua, ili nione.

Hilo linachekesha. Sasa nawaambia lisilochekesha, maana nimezunguka jiko hili vya kutosha.

Dawa yetu kubwa ya fangasi miaka hiyo ilikuwa jivii. Ninyi mnaijua kwa jina tu. Ni dawa ya maji, rangi ya zambarau, unachovya pamba unapaka mdomo mzima. Ilikuwa inafanya kazi, tena ilipatikana. Vidonge vya kumung'unya na matone vilikuja na kuisha kama mvua ya Kampala. Kasoro ya jivii ni kwamba haitoki. Unapaka leo, na kesho mtu akisema "habari" tu, mdomo mzima ni bilinganya. Na Kisugu nzima ilijua mtu mzima mwenye mdomo wa zambarau ana nini. Mtoto mchanga akipakwa, watu walisema pole. Mtu mzima akipakwa, walihesabu mbavu zake.

Alikuja mama mmoja, nitamwita Mama Akello, ingawa jina lake si hilo. Ameniruhusu niyaandike haya. Alisema, "Andika, lakini andika kwamba mimi iko soprano, si alto." Haya, nimeandika. Alikuwa mtu wa Lira, mumewe polisi, wakipanga chumba huko huko Kisugu upande wa chini. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na si wa kusimama nyuma; yeye ndiye aliyekuwa akianzisha. Alikuwa ameshapimwa kwetu na alijijua. Alikuwa amemwambia mumewe. Kanisani hakuna aliyejua.

Ilikuwa Jumamosi, foleni ndefu, mimi peke yangu. Alifungua mdomo, nikaona weupe, nikafuta, ukatoka. Nikachukua pamba nikampaka kila mahali, ulimi, mashavu, kaakaa, vizuri kabisa kama mtu anayepaka rangi ukuta. Nikamwambia arudi Jumanne. Alitaka kusema kitu, nikamwambia asiongee dawa ikauke. Nikaita anayefuata.

Mnaelewa nilichofanya? Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake alisimama mbele ya kanisa lote, akafungua mdomo kuanzisha wimbo.

Jumanne hakuja. Ijumaa hakuja. Jumanne iliyofuata mwanamke mmoja kwenye foleni alimsimulia mwenzake, akicheka, jinsi mwimbaji alivyofungua mdomo kanisani na kwaya nzima ikanyamaza, akabaki anaimba peke yake mpaka mwisho wa ubeti. Baada ya ibada kiongozi wa kwaya alimwambia apumzike kidogo. Nilikuwa nimeshika trei. Niliiweka chini, nikaenda nyuma ya zahanati, nikalia. Sikulia kwa huruma. Nililia kwa aibu.

Ssalongo alinikuta pale. Nikangoja anigombeze. Akauliza tu, "Ulimuuliza kesho anaenda wapi?"

Nikasema sikumuuliza.

"Basi muulize leo."

Nilivua koti la kazi ili wapangaji wasijue nimetoka zahanati, nikatia chupa na pamba kwenye kikapu, juu nikaweka nyanya, nikateremka. Nilikuta milango ya vyumba vya wapangaji imepangwa mstari mmoja, na mbele ya wa mwisho amekaa mwanamume mrefu, suruali ya polisi, fulana nyeupe. Huyo ndiye Baba Akello. Kando yake sigiri ya makaa ilikuwa inawaka, birika linachemka, lakini yeye alikuwa na kikombe cha uji uliopoa mpaka umefanya ngozi juu. Alikunywa funda dogo, akageuza shingo kidogo wakati wa kumeza. Macho yangu yaliona. Kichwa changu kilikuwa kimeshaingia ndani ya nyumba kumtafuta mgonjwa wangu.

"Wewe ndio ile Musawo ilipaka bibi yangu langi?" aliuliza.

"Ndiyo, afande. Nimekuja kuomba msamaha."

Akasimama. Akanifokea, si kwa sauti kubwa, kwa kuwa majirani walikuwa wanasikiliza, lakini aliongea karibu na uso wangu. Alisema watu kazini wanamuuliza bibi yake ilikula nini. Alisema mtoto wake wa shule ya msingi ameitwa mtoto wa silimu, ndivyo UKIMWI unavyoitwa hapa. Alisema, "Wewe unaenda nyumbani yako unalala. Sisi tunabaki hapa na langi yako." Alinifokea kitambo, mdomo wazi, nami nilikuwa nikichungulia begani mwake. Mwisho akachoka, akanipisha.

Mama Akello alikuwa amelala ubavu. Katika siku kumi alikuwa amekwisha mwili. Nikakumbuka mafunzo, nikavuta kigoda, nikauliza jana alikula nini.

"Maji."

"Maji tu?"

Akaweka mkono kifuani, katikati. "Ikipita hapa inachoma. Hata mate."

Vijana, hapo nilipata baridi. Mgonjwa wa fangasi akiwaonyesha katikati ya kifua, mjue imeshashuka kwenye koo la chakula, na kupaka mdomo peke yake hakutoshi. Anataka vidonge vya kumeza, upesi, la sivyo mtu atakufa njaa kando ya chungu cha chakula. Nikamwambia lazima aje leo, Ssalongo ataandika barua ya hospitali ya misheni, vidonge wanavyo. Akafumba macho akasema hatatoka mlango ule tena.

Nami, kwa kukosa la kusema, nikamtupia methali. Nikasema, "Mama, mficha maradhi, kifo humuumbua."

Akafungua macho. "Mimi nilificha? Mimi nilileta kwako, Musawo. Wewe ndio ulianika inje."

Niliinamia kikapu changu.

"Mulinipaka kama mbuzi ya soko," akasema, "ile wanaweka alama mgongoni, watu yote wajue ni ya kuchinja."

Ninyi mnaojua kukaa na kutafakari mngefikiria njia nzuri zaidi. Mimi sijui kukaa. Nilitoa chupa chini ya nyanya, nikachovya pamba, nikafungua mdomo wangu mwenyewe na kupaka. Ulimi, mashavu, midomo mpaka nje. Ilikuwa chungu, ikanitoka hadi kidevuni. Nikamwambia, "Sasa mbuzi ni wawili. Twende."

Alikitazama kidevu changu. Halafu akaanza kucheka, kicheko kikamchoma kifuani, akawa anacheka huku analia kwa maumivu na kunipiga piga mkono, "Banange, Musawo, wacha, wacha kunichekesha." Mumewe alichungulia mlangoni, akaniona, akashika fremu ya mlango. Hakucheka. Aliingia akambeba mkewe akampandisha kwenye bodaboda.

Mimi nilirudi kwa miguu, nikapita katikati ya soko, nikisalimia kila mtu. Nilikuwa na hofu, sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Muuza ndizi wangu wa kila siku alinipa ndizi bila kunigusa mkono. Mama mwenye nyumba alinitengea kikombe changu peke yangu, chenye maua, akasema ni zawadi. Ssalongo aliponiona nimeingia mlangoni aliandika ile barua mpaka mwisho, ndipo akasema, "Nyabo, hiyo langi imekupenda." Niliipaka tena Jumapili, na Jumapili ya pili, nikakaa benchi la mbele kanisani kwa Mama Akello, nikaimba kwa sauti niliyopewa na Mungu, ambayo haifai. Jumapili ya nne Mama Akello alikuja. Vidonge vilikuwa vimemfungulia koo, alikuwa anakula posho, ugali wa hapa, na mchuzi. Alikaa kando yangu. Kiongozi wa kwaya alitutazama wimbo mzima, kisha akamwashiria kwa kidole aje mbele. Sijui kama ilikuwa toba au kwaya ilikuwa imekosa soprano. Nilishukuru hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo sikumpaka mtu dawa yoyote kabla ya kuuliza, "Kesho unaenda wapi?" Kesho kuna harusi? Unakutana na mkwe? Unaanza kazi mpya? Kama kulikuwa na matone, niliwawekea wenye kesho ngumu. Kama hayakuwepo, nilimwachia mgonjwa achague siku. Siku hizi mna dawa zisizo na rangi, lakini swali hilo lishikeni. Hata kidonge kina siku yake. Kuna anayeshindwa kukimeza kwa sababu tu analala chumba kimoja na wifi yake.

Nimegeuza maharage. Yameshika chini kidogo.

Mngependa niishie hapo kanisani. Hata mimi ningependa.

Baba Akello aliletwa zahanati mwaka uliofuata, amebebwa na polisi wenzake wawili. Hakuwa amekula kitu kigumu kwa miezi. Nilipowasha tochi, sikuhitaji kijiti wala shashi. Kwanza nilikasirika, nikamuuliza kwa nini alingoja hivyo, wakati njia ya zahanati anaijua na mkewe alipona mbele ya macho yake. Aliongea polepole, kila neno likimchoma.

"Ile siku ulikuja nyumbani, mimi nilikuwa nayo. Nilikaa pale mlangoni. Nilisema, huyu Musawo ataniuliza." Akapumzika. "Wewe ulipita mbio."

Ule uji. Uji uliopoa kando ya sigiri inayowaka, na shingo inayogeuka wakati wa kumeza. Nilikuwa nimefundishwa na Ssalongo kuuliza jana ulikula nini, na mtu alikuwa amekaa mlangoni anakula jibu lake mbele yangu. Alinifokea mdomo wazi, pua kwa pua, nami nikachungulia begani mwake. Mwanamume wa polisi hawezi kusema mbele ya majirani kwamba naye anaumwa. Anaweza kufoka tu. Nilisikia ukali, sikusikia kingine.

Tulimpa vidonge, koo likafunguka kidogo, lakini mwili ulikuwa umeshachelewa, na vile vidonge vya kupunguza makali ya virusi vilikuwa bado havijawafikia watu kama yeye. Alikufa kabla mvua hazijaanza. Mama Akello alimwimbia yeye mwenyewe. Hakuna kwaya iliyonyamaza safari hiyo.

Vidonge vilipokuja, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupewa katika zahanati yetu. Akanenepa. Akello akamaliza shule, leo ni mwalimu kule Makindye. Ssalongo alistaafu, akafariki usingizini, na mimi nikarithi kigoda chake, ambacho nilikikalia nikiwa na wagonjwa tu. Wakati mwingine wowote nilikuwa nazunguka. Watu wanadhani ni tabia. Kweli nilizaliwa nayo, lakini tangu Baba Akello ni zaidi. Nikiwa sokoni, nikiwa harusini, nikiwa kwenye foleni ya maji, natazama watu wanavyomeza. Nani ameiacha chai ipoe? Nani amesogeza pilipili pembeni? Wajukuu wa dada yangu wakipiga miayo nachungulia. Nimewahi kumwambia mchungaji katikati ya mahubiri afungue mdomo zaidi, nikajifanya nimekohoa.

Jumapili iliyopita nilikaa benchi langu la mbele. Mama Akello alisimama kuanzisha. Ana mvi sasa, na mwili wa mtu anayekula. Alifungua mdomo, nami badala ya kusikiliza nikanyoosha shingo, natafuta weupe. Sauti ilipanda, nikanyoosha zaidi. Aliniona. Aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, macho yake yako kwangu, na kibwagizo kilipokwisha, wakati mpiga kinanda anajaza nafasi, alishuka ngazi mbili, akaja mpaka mbele yangu, kanisa lote linatazama, akainama akatoa ulimi wote.

"Angalia basi, Musawo," akasema. "Halafu ukae."

Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimesimama. Nikauangalia ulimi, nikaangalia na chini yake, kwa sababu nilifundishwa. Ulikuwa mwekundu na safi.

Nikakaa.